Kabla hamjavunja nyumba ya bibi, pitieni Korogwe

Mjomba alipiga simu mwishoni mwa Mei. Matofali yameshachomwa, fundi yupo, na bibi amekubali, ingawa kwa maelezo ya mjomba mwenyewe kukubali huko kulikuwa kunyamaza tu. Nyumba ya udongo ya Handeni ingevunjwa Julai, ya tofali na bati isimame kabla mvua za vuli hazijaanza.

“Wewe si ndiye mtu wa afya? Njoo uione ramani. Usije ukasema baadaye kwamba hatukukushirikisha.”

Nilijua kilichomfanya aseme hivyo. Desemba iliyopita nilimpeleka mwanangu wa miaka minne kwa bibi. Tulikaa wiki moja, tukala maembe mpaka tukachoka. Siku ya kumi baada ya kurudi Tanga mtoto akaanza homa, na kipimo kikaonyesha malaria. Alipona, namshukuru Mungu, lakini ndugu walipopigiana simu hukumu ilitoka siku hiyohiyo: mwenye kosa ni nyumba ya udongo.

Nimekuwa nikiandika habari za afya kwa miaka kadhaa na hukumu hiyo haikuniingia akilini, ila sikuwa na la kumjibu mjomba. Shule zilipofunga Juni, tukapanda basi Tanga, mimi na kijana wangu, na nikaamua tusikimbilie Handeni moja kwa moja. Tungelala Korogwe kwa shangazi, tuzunguke tuangalie majengo ya zamani. Ukanda huu umejengwa na watu wa kila aina: Wazigua, Wajerumani, wamisionari wa Kiingereza, wafanyabiashara wa Kihindi, makampuni ya mkonge. Wote walikuta joto lilelile na mbu walewale. Nilitaka kuona kila mmoja alifanyaje.

Kwa kweli somo lilianzia Tanga kwenyewe. Mzazi wa Tanga aliyewahi kupeleka mtoto Hospitali ya Bombo analijua jengo linaloitwa Cliff Block, la enzi za Wajerumani, lililokaa juu ya ukingo likitazama bahari. Limechakaa, lakini simama upande wa baharini saa tisa mchana uone upepo unavyokuja. Waliolijenga hawakuchagua mahali pale kwa ajili ya mandhari tu. Kwa muda mrefu Wazungu waliamini kuwa malaria inaletwa na hewa mbaya inayopanda kutoka kwenye vinamasi, na jina lenyewe ni Kiitaliano, maana yake ndiyo hiyo, hewa mbaya. Kwa hiyo walijenga juu, wakaweka madirisha marefu yanayotazamana na baraza pana, ili hewa ipite. Huko Uingereza Florence Nightingale alikuwa amelipigania jambo hilo kwa hospitali tangu miaka ya 1850.

Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alionyesha kuwa vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Mwaka uliofuata daktari Robert Koch alikuwa hapa kwetu, milimani Usambara, akichunguza ugonjwa huohuo na kutafuta sehemu za juu ambako haukuwepo. Kumbe hewa haikuwa na kosa. Lakini jengo lililowekwa juu, penye upepo, bado lilikuwa na faida yake, kwa sababu mbu hapendi upepo, na mtu aliyelala pasipo na joto hulala vizuri. Walipata jibu zuri kwa sababu isiyo sahihi.

Reli ya kwenda Korogwe ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Kampuni ikafika Muheza mwaka 1896, ikaishiwa fedha, serikali ya kikoloni ikaichukua, na garimoshi likaingia Korogwe mwaka 1902. Lilifika Moshi karibu miaka kumi baadaye. Mwanangu alitaka kujua garimoshi liko wapi. Nikamweleza kuwa siku hizi linapita la abiria kutoka Dar es Salaam, ambalo lilirudi Desemba 2019 baada ya njia hii kukaa kimya miaka mingi. Hakuridhika. Alitaka lipite wakati ule ule.

Tulikaa kituoni Korogwe kwenye kivuli cha paa. Kitu nilichokuwa nikikitafuta pale hakikuwepo, nacho ni wavu. Naeleza kwa nini. Mwaka 1900, miaka miwili tu kabla reli haijafika Korogwe, mtafiti wa Italia aitwaye Giovanni Battista Grassi aliweka wavu wa waya kwenye madirisha na milango ya nyumba za wafanyakazi wa reli katika bonde moja lililosifika kwa malaria kusini mwa nchi yao. Jioni waliingia ndani, milango ikafungwa. Kati ya watu 112 waliolindwa hivyo msimu ule, waliougua ni watano. Majirani wasio na wavu waliugua karibu wote.

Kwa hiyo elimu ilikuwepo tangu siku ya kwanza ya kituo hiki. Swali ni nani aliwekewa wavu.

Jibu linaonekana ukitoka mjini kidogo, kwenye mashamba ya mkonge. Mmea wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida, Marekani, 62 ndiyo iliyofika hai, na kutokana na hiyo mkoa mzima ukageuka kuwa mkonge. Ukipita upande wa Magunga au Ngombezi, bado utaona mpangilio wa kale. Nyumba ya meneja iko kwenye kilima, ina baraza pande zote, dari ya juu, na baadhi bado zina fremu za wavu uliokwisha kuoza. Chini, karibu na mtambo, ziko kambi za wafanyakazi: chumba kando ya chumba katika mstari mrefu, mlango mmoja, dirisha moja dogo, ukuta wa nyuma umezibwa. Waliolala humo waliitwa manamba, kwa sababu walijulikana kwa namba zao. Wengi walitoka mbali, mikoa isiyo na malaria kali kama ya huku, na wengine wakaleta familia. Mzazi atakayewapeleka watoto kuona majengo ya zamani awaonyeshe na kambi, si nyumba ya kilimani peke yake. Kwangu mimi zile kambi zilieleza zaidi.

Kinachoniumiza ni kwamba tulipoanza kujenga wenyewe, tuliiga kambi. Angalia nyumba nyingi za kupangisha za siku hizi, Manundu au popote: chumba kando ya chumba, dirisha upande mmoja.

Jioni shangazi alitupeleka Old Korogwe, ndivyo kata hiyo inavyoitwa mpaka leo, tukapita kwenye maduka ya zamani ya Wahindi. Haya nayapenda zaidi ya majengo yote ya wakoloni. Duka mbele, familia nyuma, uwanja katikati, jiko na choo mwisho kabisa mwa uwanja. Mbele kuna baraza lenye nguzo, na paa limetokeza mpaka jua la mchana haligusi ukuta. Madirisha yana luva za mbao, upepo unapita hata yakiwa yamefungwa. Mengi yameshavunjwa, na yaliyobaki yamezibwa mbele kwa vioo na milango ya chuma, ndani feni inazunguka mchana kutwa. Mwenye duka mmoja aliniambia bili ya umeme inamtesa. Juu ya kichwa chake kulikuwa na tundu za hewa za zamani, zimezibwa kwa saruji.

Korogwe ina jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Kituo cha utafiti cha NIMR cha hapa kilikuwa kimoja kati ya vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Shirika la Afya Duniani lilipoipitisha chanjo hiyo kwa watoto Oktoba 2021, sehemu ya ushahidi ilitoka kwa watoto wa wilaya hii, waliobebwa mgongoni na mama zao kwenda kliniki.

Asubuhi tulipanda gari la Handeni. Ni kilomita 65 hivi za lami, unavuka Mto Pangani, ambao wenyeji huuita Ruvu, halafu ardhi inazidi kukauka na vichaka kuongezeka. Zamani Wazigua wa mtoni walijenga baadhi ya vijiji vyao kwenye visiwa katikati ya mto, ili maji yawe ukuta dhidi ya wavamizi. Walikuwa salama na watu. Na mbu je, alivuka bila shida.

Handeni mjini pana boma la Mjerumani. Wakati ule Handeni ilikuwa tawi la wilaya ya Pangani, na boma ndilo lililokuwa serikali yote: kodi, kesi, askari, jela. Kuta zake nene za mawe mwanangu alizigonga kwa ngumi, akashika mkono wake, akaniambia nyumba hii haivunjiki. Waingereza na Makaburu chini ya Jenerali Smuts waliingia Korogwe katikati ya Juni 1916, na siku chache baadaye wakaichukua Handeni. Wajerumani walikuwa wamejenga reli nyembamba kutoka Mombo hadi Handeni kwa ajili ya vita hiyo, na mabehewa yake yalisukumwa kwa mikono ya watu. Hapo mwanangu alisahau boma. Aliniuliza mara tatu kama ni kweli watu walisukuma garimoshi. Nikamwambia ni kweli, walikuwa babu zetu. Vita yenyewe iliua watu wengi zaidi kwa malaria, kuhara na njaa kuliko kwa risasi, na waliokufa zaidi walikuwa wapagazi, ambao walilala nje au vibandani wakati maofisa wana mahema na vyandarua.

Tukafika kwa bibi saa nane.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Na huyu mume wangu mbona amekonda? Humpi chakula?”

Nyumba ya bibi ilijengwa miaka ya 1970, baada ya watu kuhamishiwa vijijini, ndiyo maana imesimama kwenye mstari na nyumba za jirani, zote zikitazama barabara. Wakubwa zake yeye waliishi kwenye msonge, nyumba ya duara, nyasi zikishuka karibu na ardhi. Hii ni ya pembe nne kwa mtindo wa pwani: ukumbi katikati, vyumba viwili kila upande, mlango wa nyuma unatokea uani, na jiko liko uani kwenye banda lake. Nguzo na fito, udongo umekandikwa ndani na nje, baraza mbele. Babu alichonga mlango mwenyewe. Paa la nyasi lilibadilishwa kuwa bati miaka ya nyuma.

Nilingoja giza, nikachukua tochi, nikafanya kama nimetumwa na gazeti. Ndani palikuwa na ubaridi mzuri, ukuta wa udongo haupitishi joto haraka. Lakini juu, kati ya ukuta na bati, kulikuwa na uwazi wa kupitisha mkono wangu mpaka kiwiko, kuzunguka nyumba nzima. Mbu anayeeneza malaria huingia zaidi kwa njia hiyo. Akinusa harufu ya watu waliolala hufuata ukuta mpaka juu, akakuta mlango wazi. Kwenye chumba tulicholala Desemba, chandarua kilikuwa na tundu mbili, moja ya ngumi. Na sakafu ilikuwa ya udongo wenye nyufa, mahali ambapo papasi na funza hujificha. Nyumba ya bibi ina makosa yake, sikutaka kujidanganya.

Kesho yake mjomba alitandaza ramani barazani. Vyumba sita. Madirisha futi mbili kwa mbili, kwa ajili ya wezi. Hakuna dari, itawekwa “baadaye tukijaliwa”, na tunajua wote baadaye hiyo huwa lini. Juu ya ukuta, palepale pa uwazi wa bibi, fundi aliacha uwazi uleule, kwa sababu mbao za paa ndivyo zinavyokaa. Jiko limeingizwa ndani, kwa kuwa nyumba ya kisasa jiko lake liko ndani. Baraza halipo.

“Mjomba,” nikasema, “hapa mbu hujamfungia mlango. Umembadilishia ukuta tu.”

Alicheka, lakini hakufurahi. Amejinyima miaka minne kwa ajili ya matofali yale.

Nikamweleza nilichokuwa nimekisoma. Huko Gambia watafiti walizifunga nyumba kwa wavu, nyingine milango na madirisha yote, nyingine dari ya wavu peke yake. Matokeo yalitoka mwaka 2009: katika nyumba zisizo na wavu, watoto 19 kati ya 100 walikuwa na upungufu wa damu, katika zile za wavu, 12 hivi. Dari ya wavu peke yake ilifanya kazi karibu sawa na kufunga nyumba nzima. Halafu Gambia hiyohiyo walipima nyumba zenye bati na zilizozibwa vizuri dhidi ya nyumba za nyasi, watoto wote wakiwa na vyandarua. Majibu ya mwaka 2021 yakawa kwamba nyumba mpya hazikuongeza kinga yoyote ya maana juu ya chandarua. Bati peke yake si dawa, na chandarua hakistaafu hata ukijenga ghorofa.

Na ghorofa nayo imepimwa, tena hukuhuku mkoani Tanga. Katika kijiji cha Magoda walijengwa nyumba sita za mfano, kuta nyepesi zinazopitisha upepo, wavu kila mahali. Utafiti uliotoka mwaka 2017 ulikuta mbu wamepungua kwa asilimia 77 katika za chini, na asilimia 96 katika zile ambazo watu wanalala ghorofani.

“Sasa unataka nimjengee bibi yako ghorofa?”

Sikutaka ghorofa. Nilitaka aelewe hesabu moja ambayo wazazi tunaikosea. Nyumba ya bati isiyo na dari, yenye dirisha dogo upande mmoja, saa tatu usiku bado inatoa joto la mchana. Mtoto akilala humo anatoa jasho, anapiga mateke chandarua, asubuhi unakuta amelala nje yake. Halafu tunasema mtoto wangu hapendi chandarua. Hata jiko nililalamikia kwa sababu hiyo ya hewa: jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa sumu isiyo na harufu, na kila msimu wa baridi tunaandika habari za familia zilizolala zisiamke.

Bibi alikuwa akichambua mboga, kimya muda wote. Ndipo akauliza, “Na mimi nitakaa wapi?”

Mjomba akamwonyesha chumba chake kwenye ramani.

“Si kulala. Kukaa. Mtu akipita na salamu zake nitampokelea wapi, dirishani?”

Hapo ramani ilianza kubadilika, na sikuibadilisha mimi. Baraza lilirudi, futi sita. Baraza lilipokuja mbele, paa likalazimika kutokeza, na jua la jioni likaondoka ukutani kama yale maduka ya Old Korogwe. Madirisha tulibishania mpaka chakula kikapoa. Mjomba alikubali futi nne kwa nne, mawili yanayotazamana katika kila chumba cha pembeni, kwa sharti la nondo. Wavu utapigwa ndani ya nondo. Ule uwazi wa juu utazibwa kwa tofali na chokaa, na tundu za hewa zitakazoachwa zitawekewa wavu. Jiko limerudishwa uani. Dari haikupata fedha. Vyumba vimekuwa vinne ili chumba cha bibi na cha watoto vipate angalau dari ya wavu, ambayo fundi hajawahi kuifunga na aliitazama kwenye simu yangu kwa mashaka makubwa. Sakafu ni saruji, hilo halikuwa na ubishi.

Mlango wa babu mjomba alisema umeliwa na mchwa upande wa chini. Tulikwenda kuutazama wote. Umeliwa kweli, kama shubiri moja. Fundi akasema anaweza kukata na kuunga mbao mpya, ila mlango wa nyumba mpya una urefu mwingine.

“Basi fupisheni nyumba,” bibi akasema, akarudi kwenye mboga zake.

Usiku ule tulilala chumba kilekile cha Desemba. Nilikuwa nimeshona tundu za chandarua na kuchomeka kingo chini ya godoro. Mwanangu alilala na bibi, kwa madai kwamba mume halali mbali na mkewe, nami nikaamka mara mbili kwenda kuwamulika kwa tochi. Wote wawili walikuwa ndani ya chandarua. Nje fundi alikuwa ameshaacha kamba na mambo zake, zimezunguka baraza la zamani kupima la jipya.